Somo la Vipuri: Kukitambua na Kukitengeneza Kifaa cha Gari la Zamani

Somo hili limekusudiwa makatibu wa vyama vya msingi, wajumbe wa bodi, madereva na wanachama wa vyama vinavyomiliki gari, lori au trekta ya miaka mingi. Halikusudii kumfanya katibu kuwa fundi makanika. Linakusudia kumwezesha kujua ni kifaa gani kimeharibika, kukiagiza pasipo kukosea, na kutambua ni kitu gani chaweza kutengenezwa na kipi hapana budi kikataliwe. Vikundi vya mafunzo vyaweza kulisoma kwa sehemu, na mwishoni yapo maswali ya kujadili.

Utangulizi

Gari la chama likisimama mwezi wa Mei, karanga haziachi kukauka, wala alizeti haingoji. Mwanachama aliyeahidiwa usafiri hulazimika kuuza shambani kwa bei ya mnunuzi wa kwanza atakayepita. Kwa hiyo kipuri kidogo kinachotosha kiganjani chaweza kuondoa faida ya msimu mzima.

Wilaya ya Mpwapwa ina sababu zake za kulijali jambo hili. Njia za Gulwe na Godegode zina mchanga na vumbi. Njia za Kibakwe na Wotta zina miinuko inayochosha injini wakati wa kupanda na breki wakati wa kushuka. Magari yanayostahimili njia hizo aghalabu ni yale ya zamani: Land Rover zenye springi za majani, malori ya Bedford, na trekta za Massey Ferguson 135, ambazo kiwanda cha Coventry, Uingereza, kilianza kuziunda katikati ya miaka ya 1960. Uzuri wake ni kwamba hutengenezeka kwa zana za kawaida. Ugumu wake ni kwamba viwanda vilivyoziunda viliacha zamani kuziunda, na vipuri vyake havipo tena katika kila duka.

Jirani ya Mpwapwa upo mfano mkubwa wa jambo hili. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha Kongwa mpango mkubwa wa kilimo cha karanga. Trekta nyingi zilizoletwa zilikuwa kuukuu, zilizobaki katika maghala ya majeshi baada ya Vita Kuu ya Pili, na nyingine zilikuwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa trekta na kuitwa Shervick. Aina zilikuwa nyingi, mafundi na vipuri vikawa haba, na udongo wa Kongwa, wenye mchanga mkali na unaokauka ukawa kama saruji, ulisaga majembe na vyuma upesi. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa baada ya kupoteza mamilioni ya pauni. Ukame na pupa ya mipango vilichangia sana hasara hiyo, lakini mashine zilizosimama kwa kukosa vipuri nazo zilikuwa na sehemu yao. Ikiwa mpango wenye fedha nyingi namna ile ulishindwa na vipuri, chama chenye gari moja kina sababu kubwa zaidi ya kujihadhari.

Sehemu ya Kwanza: Jina la gari halitoshi

Ufuatao ni mfano uliotungwa kwa ajili ya somo. Injini ya petroli ya Land Rover ya chama imeanza kugonga. Fundi ameifungua na kuona kuwa beringi kuu za krenki zimelika. Dereva anapewa fedha na kutumwa Dodoma, safari ya zaidi ya kilomita 100, akiwa na karatasi iliyoandikwa hivi: "Beringi kuu za krenki, Land Rover, petroli." Anarudi na seti nzuri, mpya kabisa. Inapofunguliwa, ndani mna beringi za nafasi tano, ilhali injini ya chama ina nafasi tatu.

Muuzaji hakudanganya, na dereva hakuiba. Injini ya Land Rover ya lita 2.25 ilikuwa na beringi kuu tatu kwa miaka mingi, kisha mwaka 1980 kiwanda kikaibadilisha na kuipa beringi tano. Kwa nje injini hizo hufanana sana.

Dereva anarudi Dodoma. Safari hii analeta seti ya nafasi tatu, lakini haikai. Krenki ya chama ilikwisha kuchongwa miaka iliyopita, na sasa ni nyembamba kuliko ilivyotoka kiwandani. Beringi alizoleta ni za kipimo cha kiwandani. Safari ya tatu inahitajika. Nauli tatu zimetumika, majuma mawili yamepita, na karanga zimekwisha kununuliwa na watu wengine.

Majibu yote mawili yalikuwa ndani ya gari lenyewe tangu siku ya kwanza. Namba ya injini ingeonyesha toleo lake. Na mgongoni mwa kila beringi kuukuu ya aina hiyo hupigwa alama: STD kwa kipimo cha kiwandani, au .010, .020, .030, yaani sehemu za inchi ambazo krenki imepunguzwa. Beringi zile ziliachwa kwenye sakafu ya gereji zikiwa na grisi, na hakuna aliyezifuta na kuzigeuza.

Kanuni ya kwanza basi ni hii: kifaa cha zamani hakiagizwi kwa jina la gari. Huagizwa kwa namba, kwa kipimo na kwa sampuli. Na kifaa kibovu hakitupwi mpaka kipya kimefungwa na kufanya kazi.

Sehemu ya Pili: Kusoma namba

Gari lina namba zaidi ya moja, na kila moja ina kazi yake.

(a) Namba ya chesisi. Katika Land Rover za zamani huwa kwenye kibao kidogo cha chuma ndani ya chumba cha dereva, na hupigwa pia kwenye chesisi yenyewe upande wa mbele. Land Rover ya Series II ilianza kuundwa mwaka 1958, IIA mwaka 1961, na Series III kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Katika IIA na Series III, mwishoni mwa namba huwapo herufi moja. Herufi hiyo huonyesha badiliko la uundaji linalohusu utengenezaji. Anayenakili tarakimu na kuiacha herufi amenakili nusu ya habari.

(b) Namba ya injini. Hii hupigwa kwenye bloku. Gari lililokwisha kubadilishiwa injini litakuwa na namba isiyolingana na kadi yake. Jambo hili si ajabu kwa vyombo vilivyopita mikono mingi, hasa vile vya kabla ya mwaka 1976, Serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika, ambavyo vilirudishwa kwa Sheria ya mwaka 1982. Vipuri vya injini viagizwe kwa namba iliyo kwenye injini, si ile iliyo kwenye kadi. Tofauti hiyo nayo irekebishwe kwa mamlaka zinazohusika.

(c) Namba ya kifaa chenyewe. Giaboksi, pampu ya dizeli, dainamo, stata na silinda za breki zina namba zake. Vifaa vya umeme vya Lucas, kwa mfano, hupigwa jina la aina, namba ya kifaa na tarehe ya kuundwa kwenye ganda lake.

Namba iliyofunikwa na kutu au rangi isikwanguliwe kwa patasi. Ilowekwe mafuta ya taa kwa saa kadhaa, isuguliwe kwa brashi laini ya waya, ikauke, kisha ipakwe chaki na kufutwa juu juu. Chaki hubaki katika mifereji na tarakimu huonekana. Njia nyingine ni kuweka karatasi juu yake na kusugua kwa penseli iliyolazwa. Mwenye simu yenye kamera aipige picha mchana, mwanga ukitoka ubavuni. Hata hivyo namba iandikwe pia katika daftari, kwa maana simu hupotea na mwenye simu huhama.

Sehemu ya Tatu: Kupima

Mara nyingi namba imekwisha kufutika. Hapo kipimo ndicho kitakachosema. Chama chenye gari kiwe na vitu viwili: rula ya chuma yenye inchi na milimita, na kalipa. Inchi moja ni milimita 25.4.

Beringi. Beringi za gololi zina utaratibu wa namba unaotumika duniani kote. Tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04, huzidishwa kwa 5 na kuonyesha tundu la ndani kwa milimita. Kwa hiyo 6205 ina tundu la milimita 25, upana wa nje milimita 52 na unene milimita 15. Beringi ya 6305 nayo ina tundu la 25, lakini nje ni 62 na unene ni 17. Zote mbili zitaingia kwenye shafti moja, ila moja tu itakaa katika nyumba yake. Herufi zinazofuata pia zina maana: 2RS ni yenye vifuniko vya mpira pande mbili, na katika njia za vumbi tofauti hiyo si ndogo. Jambo kubwa kwa katibu kulijua ni kwamba beringi yenye namba hiyo haimhusu muuza vipuri vya Land Rover peke yake. Yaweza kupatikana kwa muuza vipuri vya mashine za kusaga au pampu za maji, maadamu namba ni ileile. Beringi za magurudumu zenye umbo la pia huwa na sehemu mbili, ya ndani na kikombe cha nje, na kila sehemu ina namba yake. Zibadilishwe zote mbili pamoja. Sehemu mpya ikizunguka ndani ya kikombe kilicholika haitadumu.

Sili za oili. Hizi huandikwa vipimo vitatu: shafti, nyumba, na upana. Sili ya 35-52-7 huvaa shafti ya milimita 35, hukaa katika tundu la 52, na unene wake ni 7. Sili za magari ya Kiingereza ya zamani aghalabu ni za inchi; zisilazimishwe kufanana na za milimita.

Hesi, yaani meno ya bolti. Hapa ndipo vifaa vingi vyema huharibiwa. Magari ya Kiingereza ya zamani yalitumia hesi za Whitworth na BSF. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana juu ya hesi za pamoja, na viwanda vikahamia huko polepole. Hivyo gari moja laweza kubeba aina zote. Bolti tatu zifuatazo hufanana machoni:

BSF ya inchi 5/16: meno 22 kwa inchi moja.
UNF ya inchi 5/16: meno 24 kwa inchi moja.
Ya milimita 8 ya kawaida: meno kama 20 kwa inchi moja.

Nati ya moja huingia kwenye nyingine mzunguko mmoja au miwili, kisha hukaza. Asiyejua hudhani ni kutu, akaongeza nguvu ya spana, na hesi ikang'oka. Njia ya kupambanua ni rahisi: bolti mbili zishikwe pamoja, meno yakiingiliana, zitazamwe kuelekea kwenye mwanga. Zikilingana, hapatakuwa na mwanya kati yake. Spana nazo hutofautiana: spana ya Whitworth huandikwa unene wa bolti, ilhali zile za AF na za milimita huandikwa upana wa kichwa. Bolti iliyovunjika ibadilishwe kwa nyingine yenye nguvu ileile. Mistari mitatu kichwani katika bolti za inchi, au alama 8.8 katika za milimita, ni dalili ya bolti yenye nguvu. Mistari sita, au 10.9, ni yenye nguvu zaidi. Bolti isiyo na alama yoyote isifungwe kwenye gurudumu wala usukani.

Sehemu ya Nne: Kipi kitengenezwe na kipi kikataliwe

Si kila kilichochakaa hununuliwa kipya. Vifaa vingi vya zamani viliundwa kwa shaba, chuma cha kusubu na chuma kizito, navyo hutengenezeka mikononi mwa fundi anayeijua kazi yake.

Rejeta ya shaba husafishwa na kulehemiwa, hata mara nyingi. Bushi zilizolika huchongwa upya kwa kerezo kutoka shaba nyeusi. Shafti iliyochimbwa na sili huvikwa pete nyembamba ya chuma na kusuguliwa hadi kipimo chake. Gasketi bapa za vifuniko hukatwa kwa karatasi ya gasketi kwa kufuata umbo la kifuniko. Gasketi ya silinda hedi haikatwi nyumbani. Nyumba ya chuma cha kusubu iliyopata ufa huungwa, ila si kwa haraka: ncha mbili za ufa hutobolewa ili usiendelee, chuma hupashwa moto polepole, huungwa kwa vijiti vyenye nikeli, kisha hufukiwa katika majivu makavu hadi kipoe chenyewe. Kikimwagiwa maji, ufa hurudi ukiwa mkubwa zaidi.

Kazi za kerezo na uchongaji zipelekwe kwa karakana zenye mashine. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, lina ofisi mikoani, na katibu asiyejua pa kuanzia aweza kuuliza huko, au katika vyuo vya ufundi vya VETA, ni karakana gani ya karibu inayoiweza kazi hiyo.

Injini za petroli za zamani zina jambo moja la kuangaliwa zaidi. Ziliundwa wakati petroli ikitiwa risasi, na risasi hiyo ililinda makao ya valvu. Nchi za Afrika kusini ya Sahara zilimaliza kuiondoa risasi katika petroli mwanzoni mwa mwaka 2006, kwa manufaa ya afya za watu, hasa watoto. Makao laini ya valvu yaweza kulika upesi zaidi tangu hapo, hasa gari likipandishwa milima na mzigo. Hedi itakapofunguliwa kwa sababu nyingine, fundi aulizwe kama makao hayo ni ya chuma kigumu. Kama siyo, yawekwe mapya wakati huohuo.

Viko vifaa visivyotengenezwa kwa hali yoyote. Mikono na viungo vya usukani visichomelewe. Jani la springi lisichomelewe, kwa maana moto huondoa ugumu wake, nalo huvunjika mahali palepale. Stadi za magurudumu zisichomelewe. Silinda ya breki iliyochimbika kwa kutu ikataliwe, hata ikiwekewa raba mpya. Mteremko wa Wotta haumwulizi dereva kama chama kilikuwa na fedha.

Kuhusu breki yaongezwe mambo mawili. Kwanza, mfumo unaotumia mafuta ya breki ya kawaida usitiwe oili ya injini wala mafuta mengine ya madini, hata njiani. Raba huvimba, na mfumo mzima hulazimika kufunguliwa na kubadilishwa raba. Pili, brekishuu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu kwa maradhi yanayochukua miaka mingi kujitokeza. Vumbi hilo lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo, wala lisipigwe brashi kavu. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa kifungwe ndani ya mfuko na kutupwa mbali na watoto.

Sehemu ya Tano: Daftari la chombo

Yote yaliyosemwa hayana faida ikiwa yanakaa kichwani mwa fundi mmoja. Fundi akihama, chama hurudi kwenye safari tatu za Dodoma. Kila chombo kiwe na daftari lake, na ndani yake yaandikwe:

1. Namba ya chesisi pamoja na herufi yake, namba ya injini, na namba ya giaboksi.
2. Kipimo cha krenki na cha pistoni, kila injini inapofunguliwa.
3. Namba za beringi na sili zote zilizofungwa, na mahali zilipofungwa.
4. Tarehe, usomaji wa mita, jina la fundi, na bei iliyolipwa pamoja na namba ya stakabadhi.
5. Kifaa kilichotolewa, na mahali kilipowekwa.

Fungu la tano husahauliwa sana, nalo ndilo linalolinda mali ya wanachama. Kila kifaa kinachotolewa kwenye gari la chama ni mali ya chama na kirudishwe chamani, hata kikiwa kibovu. Kwanza, ni sampuli ya kuagizia. Pili, ni ushahidi kwamba kazi iliyolipiwa ilifanyika. Gari likipelekwa gereji, namba za dainamo, stata na pampu ya dizeli zisomwe na kuandikwa kabla ya kulikabidhi, na zisomwe tena siku ya kulichukua, mbele ya dereva na mjumbe mmoja wa bodi. Fundi mwaminifu hachukizwi na utaratibu huo, kwa kuwa unamlinda yeye pia.

Daftari hilo litaisaidia bodi katika uamuzi ulio mgumu kuliko wote: kuendelea kulitengeneza gari au kuliuza. Gharama za miaka mitatu zikijumlishwa, na siku ambazo gari lilisimama zikihesabiwa, mkutano mkuu utakuwa na hesabu mbele yake badala ya mapenzi au hasira. Huenda hesabu ikaonyesha kwamba kukodi lori wakati wa mavuno ni nafuu. Huenda pia ikaonyesha kwamba gari lile la zamani, likipata vifaa vyake kwa safari moja badala ya tatu, bado linafaa kuliko jipya la mkopo.

Wazee wa ushirika walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa gari la zamani usemi huo huanzia kwenye kibao kidogo cha namba kilichofunikwa na vumbi, ambacho chaweza kusomwa leo kwa chaki na kitambaa.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Je, namba ya injini ya gari au trekta ya chama inalingana na kadi yake? Nani aliisoma mara ya mwisho?
2. Katika mfano wa beringi za krenki, ni mambo gani mawili yangeandikwa kwenye karatasi ya dereva ili safari moja itoshe?
3. Beringi imeandikwa 6206. Tundu lake la ndani ni milimita ngapi?
4. Fundi ashauri kuchomelea mkono wa usukani "kwa muda, mpaka msimu uishe". Bodi imjibu nini, na kwa sababu gani?
5. Vifaa vilivyotolewa kwenye gari la chama mwaka uliopita viko wapi sasa?